Majani ya Vuli Hayapukutiki

Ndege wa bawa moja huruka pamoja. Wahenga waliponena hivyo walikuwa wakiwazungumzia watu, lakini mwanafunzi wa lugha akitega sikio vyema atatambua kwamba usemi huo unayahusu maneno pia. Neno halitembei pekee. Lina wenzake ambao huandamana nalo, na kuna mengine ambayo katu halisuhubiani nayo. Giza huandamana na totoro, usiku na manane, nyeupe na pepepe, nyekundu na ndindindi, nyeusi na tititi. Atakayesema kuwa kanzu ni "nyeusi pepepe" hatakuwa amevunja kanuni yoyote ya upatanisho wa kisarufi, wala mwalimu hataweza kumwonyesha ngeli aliyoikosea. Hata hivyo, wasikilizaji watamcheka, maana ameyaunganisha maneno yasiyojuana.

Wanaisimu huliita jambo hili kolokesheni. Aliyelipa uzito katika taaluma ni Mwingereza J. R. Firth (1890–1960), ambaye mnamo mwaka wa 1944 alikuwa profesa wa kwanza wa isimu ya jumla nchini Uingereza. Katika maandishi yake ya miaka ya 1950 alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno linaloandamana nayo. Usiku, kwa mfano, haujakamilika kimaana mpaka uandamane na giza. Kwa hivyo, anayejifunza lugha hana budi kujifunza pia ujirani wa maneno, na anayefasiri hana budi kuuhamisha ujirani huo, au kuutafutia mwingine unaofanana nao katika lugha lengwa.

Katika makala haya nitalifuata neno moja tu: jani. Huenda msomaji akashangaa kwamba nimeacha maneno makubwa kama vile uhuru, utamaduni na utandawazi, nikashika kitu kinachokanyagwa njiani. Nimefanya hivyo kwa sababu maneno makubwa huweza kutuficha. Jani halituachii pa kujificha. Kila lugha inalo, kila mtoto analijua, na bado maneno yanayoandamana nalo katika Kiingereza na katika Kiswahili yanaonyesha maisha mawili yaliyo mbalimbali.

Tuanze na Kiingereza. Mwingereza akitaka kuyaeleza majani, maneno yanayomjia kwa wepesi ni ya rangi, ya sauti na ya mwendo. Majani huwa ya dhahabu, ya shaba, mekundu ya kukoza. Yakiwa mtini hunong'ona na kutetema. Yakiagana na tawi huelea, huzunguka hewani na kutua taratibu. Yakifika chini huitwa majani yaliyokufa, hutanda mithili ya zulia, nayo hulia chini ya viatu vya mpita njia. Mtu aliyeshikwa na hofu hutetemeka kama jani. Majira yenyewe ya miezi ya Septemba hadi Novemba yamefungamana na majani kiasi kwamba Wamarekani huyaita kwa neno lenye maana ya "anguko", na asili ya jina hilo ni fungu la maneno la Kiingereza cha karne ya 16 lililomaanisha kuanguka kwa jani.

Maneno hayo hayakuandamana kwa bahati. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, siku zinapofupika na baridi kuanza kuuma, miti mingi huacha kutengeneza klorofili, yaani ile kemikali inayolipa jani ukijani wake. Rangi ya manjano iliyokuwamo ndani ya jani siku zote, ila imefunikwa, hujitokeza. Katika baadhi ya miti rangi nyekundu nayo hutengenezwa wakati huohuo. Hatimaye hufanyika utando kwenye kikonyo unaolitenga jani na tawi, na upepo mdogo tu hutosha kuliangusha. Tukio hili hutokea kila mwaka, nchi nzima, mbele ya macho ya kila mtu. Isingekuwa ajabu basi kwa lugha ya watu hao kujaza ghala zima la maneno ya kulieleza jani linalogeuka rangi na kuanguka.

Nilianza kuyatafakari haya nikiwa katika mwaka wa tatu chuoni. Darasa letu la tafsiri lilipewa aya moja ya Kiingereza iliyotungwa na mhadhiri wetu mwenyewe. Ilieleza bustani moja ya London katika mwezi wa Oktoba, na ndani yake mlikuwa na majani ya dhahabu ya majira hayo. Tuligawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliandika "majani ya vuli". La pili liliandika "majani ya kipupwe". La tatu, ambalo nilikuwamo, liliandika "majani ya majira ya kupukutika", tafsiri ambayo mhadhiri aliisoma kwa sauti mara mbili na kusema kwamba imechoka kabla ya kufika mwisho.

Kisha akatuuliza swali: "Mwezi wa Oktoba, mvua ikishanyesha, majani hufanya nini huko kwenu?"

Mwenzetu mmoja aliyetoka Kilifi ndiye aliyejibu. "Mwalimu, vuli ikinyesha vizuri, kwetu ndipo majani yanapochipua. Baada ya wiki chache mama huwa ameshaanza kuchuma majani ya kunde."

Tulicheka, kisha tukaanza kupima uzito wa jibu lile. Vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Disemba. Kalenda inaafikiana na ya London, lakini ardhi haiafikiani nayo kabisa. Msomaji wa Kilifi au Kwale akisoma "majani ya vuli" ataona majani machanga, mororo, yenye matone ya mvua. Atakapoambiwa kwamba majani hayo ni makavu na yanaanguka, atadhani kuwa mti umeingiwa na ugonjwa. Nacho kipupwe ni majira ya baridi ya katikati ya mwaka, wakati wa upepo wa kusi. Kukipeleka Oktoba ni kuivuruga kalenda nzima ya mvuvi na mkulima. Kila neno lilikuwa sahihi katika kamusi, na kila tafsiri ilisema uongo.

Tulilopatana mwishoni lilikuwa jepesi. Tulilitupa jina la majira, tukakishika kitenzi. Kiswahili kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina mfano wake kwa neno moja: kupukutika. Majani hayaanguki tu; jani moja huanguka, embe huanguka, mtu huanguka. Yakiwa mengi, yakiachana na mti moja baada ya jingine bila kukatwa wala kuchumwa, hupukutika. Machozi nayo hupukutika, na katika lugha ya majonzi husemwa kwamba watu walipukutika ugonjwa ulipoingia mjini. Tukaandika kwamba ilikuwa Oktoba, baridi imeanza, na majani ya miti yamegeuka manjano na yanapukutika. Neno dhahabu halikuonekana popote. Mhadhiri alitikisa kichwa kwa ridhaa, akaendelea na aya ya pili.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa nyanya yangu, Kwale, nikiwa na daftari. Nilitaka kujua ni maneno gani yanayoandamana na jani kinywani mwa mtu ambaye Kiingereza hakikuwahi kumfikia. Nilimkuta barazani akiwa na rundo la makuti. Baada ya kumwamkua na kupewa maji, nilimuuliza: "Nyanya, majani hufanya nini?"

Alinitazama kana kwamba chuo kimeniharibu. "Majani hayafanyi kitu, mume wangu," akasema. "Hufanyiwa."

Nilikaa naye siku tisa, na katika siku hizo daftari langu lilijaa. Jani la mnazi kwake halikuwa jani. Lilikuwa kuti, na kuti huchanwa, husukwa, huezekwa. Kuna makuti ya viungo, ambayo hupangwa kwenye fito kwa ajili ya paa, na kuna makuti ya kumba, ambayo husukwa na kufaa kwa ua. Vijiti vya katikati vikitolewa huwa chelewa, navyo hufungwa pamoja vikawa ufagio. Jani la mkindu lilikuwa ukindu, na la mkoma lilikuwa mwaa. Yote mawili hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, na kili zikishonwa pamoja huwa mkeka. Jani la muhogo likifika jikoni huwa kisamvu, na kisamvu hutwangwa. La kiazi kitamu huwa tembele. Jani la mgomba hubabuliwa motoni lilainike ndipo lifungiwe chakula. Jani la mhina hukaushwa na kusagwa. Tambuu hutafunwa pamoja na popoo na chokaa. Majani ya mwarobaini huchemshwa na mgonjwa akanywa huku amekunja uso.

Nilipoyapitia maandishi yangu usiku, niliona kwamba karibu kila neno lililoandamana na jani lilikuwa kitenzi cha mkono. Mwingereza wa aya yetu alisimama mbali na jani akalitazama. Nyanya alikuwa amelishika. Hii ndiyo sababu zulia la majani la Kiingereza halikubali kuwa "mkeka wa majani" kwa Kiswahili, ingawa tafsiri hiyo inavutia. Kwa Mwingereza zulia lile ni sitiari, kwani zulia lake halisi ni la sufu. Kwetu mkeka umetengenezwa kwa majani tangu mwanzo. Msomaji ataukalia.

Isidhaniwe kwamba nadai Waingereza hawayatumii majani, au kwamba Waswahili hawayatazami. Waingereza ni watu wa majani ya chai kama sisi. Nasi tuna mchakacho, ile sauti ya nyayo juu ya majani makavu, na tuna kitenzi kuchakarisha kwa panya anayepita katikati yake. Tuna majani yanayonawiri, yanayonyauka, yanayosinyaa, na kila kitenzi kina kadiri yake: jani lililonyauka asubuhi huenda likainuka likimwagiwa maji, lakini lililokauka halina tumaini. Wala si kweli kwamba hatuna majani yanayogeuka rangi. Atembeaye Mombasa penye miti ya mkungu ataona majani mapana yaliyoiva wekundu kabla ya kudondoka, na mbuyu husimama uchi miezi mingi ya kiangazi. Tofauti iliyopo ni kwamba mkungu hugeuka peke yake na mbuyu huvuliwa na ukame, ilhali miti ya jirani imebaki mibichi. Haya hayakuwa tukio la nchi nzima, kwa hivyo hayakupewa jina la majira.

Jambo jingine nililolipata ni kwamba jani limejificha ndani ya maneno ambayo hatuyashuku. Rangi ya kijani imetokana nalo waziwazi. Lakini tazama chanikiwiti, jina jingine la rangi hiyohiyo. Katika lahaja za kaskazini mwa pwani yetu, -witi ndiyo -bichi ya Kiswahili sanifu, na chani ni kijani. Hivyo chanikiwiti na kijani kibichi ni ndugu wa toka nitoke. Nyeupe hupewa pepepe na nyeusi tititi, ila rangi ya jani imepewa ubichi, yaani umajimaji wa kitu kilicho hai. Kadhalika neno waraka limetoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ya jani na pia karatasi. Mkuu wa idara anapotutumia waraka, bila ya kujua ametutumia jani. Kiingereza nacho huita karatasi ya kitabu jani, na ndiyo maana mtu aliyetubu katika lugha hiyo husemwa kuwa amegeuza jani jipya. Wengi hulifasiri jani hilo kama la mti na kuwaacha wasomaji wetu gizani, ilhali Kiswahili kimeshazoea kufungua ukurasa mpya.

Halafu kuna misemo. Kiongozi ambaye cheo chake kinatikisika husemwa na wanahabari kwamba amekalia kuti kavu. Msemo huu hauhitaji maelezo kwa aliyewahi kupanda mnazi, kwani ajua kuti bichi humhimili mtu, na kavu humdanganya. Methali nayo yasema kwamba kuti kavu kuanguka si ajabu. Siku moja nilimuuliza nyanya habari za nyumba ya dada yake, ng'ambo ya bonde. Alijibu kwa maneno manne tu: "Njia yake imeota majani." Nilielewa kwamba hapana tena mtu wa kuikanyaga. Niliyaandika maneno hayo katika ukurasa wake peke yake.

Msomaji mwenzangu, huenda ukauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi tuliomo madarasani? Yanatuhusu sana. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha nilisahihisha insha za kidato cha pili juu ya mada "Kijiji Chetu". Katika insha nyingi majani yalikuwa ya dhahabu na yalinong'ona. Waandishi wake walikuwa watoto wa mashamba ya mihogo na minazi, na kila siku walipita penye majani wasiyoyaandika. Mmoja tu aliandika kwamba mama yake alikuwa amekaa chini ya mwembe akichambua mchicha. Nilimpa alama za juu, na mwalimu mwenyeji akaniuliza kwa nini, maana insha ilikuwa "ya kawaida mno". Nilimjibu kwamba katika insha arobaini hiyo ndiyo iliyokuwa na kijiji ndani yake.

Sikulaumu wanafunzi wale. Walifundishwa kwamba fasihi ni mahali ambapo majani hunong'ona, na kwamba kuchambua mchicha ni kazi ya jikoni. Ajabu ni kwamba kitenzi hichohicho ndicho tunachokitegemea hapa chuoni kila siku. Anayechambua mboga hutenga jani zuri na bovu, hutoa nyuzi na vikonyo, huangalia upande wa pili kama mna wadudu. Anayechambua riwaya hufanya nini zaidi ya hayo? Taaluma yetu imeazima neno lake bora kutoka kwenye ungo wa mboga, kisha ikauona ungo kuwa duni.

Zaidi ya hayo, ujirani wa maneno hudumu kwa kadiri vitu vyenyewe vinavyodumu. Paa la nyanya sasa ni la mabati. Macho yake yamepungua, na katika wajukuu wake wote hakuna anayeweza kutofautisha viungo na kumba bila kuuliza. Simlaumu mtu kwa kutaka paa lisilovuja. Ila paa la makuti lilipoondoka, kuezeka na kuezua viliondoka nalo kinywani mwa watoto. Vitenzi hivyo vingalimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981, lakini kamusi ya kawaida hutupa neno na maana yake. Haina nafasi ya kutuonyesha neno hilo likitembea na jamaa zake.

Kiingereza kimelitatua tatizo hili kwa kuandika kamusi za maneno yanayoandamana. Chuo Kikuu cha Oxford kilichapisha ya wanafunzi mwaka wa 2002, na mwanafunzi wa lugha hiyo akilitafuta neno jani atakuta sifa, vitenzi na vihusishi vyake vimepangwa tayari. Kiswahili hakikosi malighafi ya kazi kama hiyo. Korpasi ya Kiswahili iliyoandaliwa Helsinki, nchini Ufini, na kutolewa katika toleo lake la pili mwaka wa 2016, ina maneno yapatayo milioni 25. Hata hivyo, korpasi hiyo hutegemea matini zilizoandikwa, hasa magazeti na vitabu. Barazani kwa nyanya haikufika. Kazi ya kufika huko ni yetu, kwa sababu sisi ndio tunaokwenda likizo.

Napendekeza basi kwamba kila mwanachama achague neno moja la kawaida, kama vile maji, moto, mkono, njia au jani, na aende nalo nyumbani kwa daftari na subira. Asiulize maana ya neno. Aulize neno hilo hufanya nini, hufanyiwa nini, na nani hulitumia akiwa na nani. Kisha tuyalete maandishi hayo chamani, tuyalinganishe, tuyapange. Wanaotoka bara watuletee managu na mrenda pamoja na vitenzi vyake, maana Kiswahili cha Kenya kimejaa majani ambayo pwani haiyajui, na sukuma wiki ni mmoja wa mashahidi.

Tukishafanya hivyo, tutakuwa na haki ya kufasiri bustani za London, na tutazifasiri vyema kuliko tulivyofanya darasani. Tutakuwa pia na haki ya kubuni. Wekundu wa jani la mkungu haujapata bado kivumishi chake cha kudumu katika Kiswahili. Nafasi hiyo iko wazi, na lugha imeshatuchagulia jina la wanaopaswa kuijaza: mwandishi anayeanza huitwa chipukizi.